Panga Kurudi, Usipange Kumaliza: Hotuba kwa Wanafunzi Wenye Mitihani Mingi kwa Mkupuo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari, pamoja na wazazi na walimu wao. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wanangu, ndugu wazazi, walimu wenzangu, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze kwa kuuliza. Nani hapa ameshajipangia ratiba ya kusomea mitihani? Nyosheni mikono. Ni wengi, vizuri sana. Sasa wale ambao ratiba hiyo mnaifuata mpaka leo, bakini na mikono juu. Wengine mshushe.

Mnaona wenyewe. Na hili nalisema makusudi mbele ya wazazi: mikono hii haikushushwa na uvivu. Mtoto mvivu haketi siku nzima akipiga mistari kwa rula na kulipatia kila somo rangi yake. Mikono imeshuka kwa sababu ratiba zenyewe zilikuwa na kasoro tangu zilipoandikwa, na hakuna aliyewahi kuwafundisha watoto hawa kuzipanga. Tunawafundisha Kemia, tunawafundisha Historia, halafu tunawaambia "jipangeni" na kuwaacha hapo.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Ninyi mmeshika matatu, manne, wengine sita. Na haiko hivi kwenu tu. Wanaofanya mitihani ya AP kule Marekani, yaani ya masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, huifanya ndani ya wiki mbili za mwezi Mei, na yupo mtoto mwenye mitihani minne au mitano ndani ya siku hizo chache. Wanaosoma diploma ya IB, ile ya kimataifa ya kumalizia sekondari, wana masomo sita. Uingereza wengi huchukua masomo matatu ya A-level, lakini kila somo lina karatasi zaidi ya moja. Majina yanatofautiana, tabu ni ile ile: masomo mengi, tarehe zimebanana, na kichwa ni kimoja.

Nina jambo moja la kuwaambia leo. Ratiba nyingi ninazoonyeshwa na wanafunzi zimepangwa ili kumaliza. Wiki hii namaliza Kemia. Wiki ijayo namaliza Historia. Ikifika mwezi wa tatu nimemaliza yote. Mimi nawaomba mpange kurudi. Kila mada, kabla hujaandika siku ya kuisoma, andika siku utakayoirudia. Kama hukuandika siku ya kurudi, mada hiyo hujaipangia chochote.

Kwa nini nasisitiza kurudi? Nisikilizeni.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus. Mwaka 1885 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, zaidi ya elfu mbili, akawa anazikariri kwa mafungu mpaka anazisema zote bila kukosea. Kisha anangoja. Kisha anarudi kujifunza fungu lile lile na kupima ameokoa kazi kiasi gani, yaani kazi imepungua kiasi gani kuliko mara ya kwanza. Alipongoja kama dakika 20 tu, aliokoa asilimia 58 hivi. Alipongoja siku moja, asilimia 34 hivi. Mwezi mmoja, asilimia 21. Tazameni hesabu hizo vizuri: hasara kubwa ilitokea siku ile ile ya kwanza, wakati mtu bado anajisifu kwamba ameiva.

Najua mtasema, mzee, hizo zilikuwa silabi tupu, sisi tunasoma mambo yenye maana. Ni kweli, na chenye maana hakipotei upesi namna hiyo. Lakini hupotea. Sasa mfikirieni yule aliyemaliza Kemia wiki ya kwanza na hakuigusa tena mpaka wiki ya kumi. Anapoifungua usiku wa kuamkia mtihani, je, anarudia au anaanza upya?

Ebbinghaus huyo huyo aligundua jambo lingine, na hili ndilo la kuwapa moyo. Alipolirudia fungu la silabi 12 mara 68 kwa siku moja, kesho yake alihitaji kazi kiasi fulani ili kulishika tena. Faida karibu ile ile aliipata kwa marudio 38 tu yaliyogawanywa katika siku tatu. Kazi imepungua karibu nusu kwa kuitawanya tu. Mwenye mitihani mingi anatafuta nini kama si kuokoa muda?

Urudi baada ya siku ngapi? Hilo linategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 1,350, ambao walijifunza, wakarudia mara moja, kisha wakapimwa baadaye. Waliopimwa siku 7 baada ya kurudia walifanya vizuri zaidi pengo kati ya kujifunza na kurudia lilipokuwa kama siku moja. Kwa waliopimwa baada ya siku 35, pengo bora lilikuwa kama siku 11. Kwa hiyo mtihani ukiwa mbali, acha wiki moja au zaidi ipite kabla hujarudi. Ukikaribia, rudi kila baada ya siku mbili tatu. Usiogope kukuta umesahau kidogo. Kuhangaika kukumbuka ndiyo kazi yenyewe.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia "rudia", wanafungua daftari na kusoma tena. Wanapigia mistari. Wanapaka wino wa njano mpaka ukurasa mzima ni wa njano.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma, moja kuhusu jua, nyingine kuhusu mnyama wa baharini. Kundi moja lilisoma habari ile katika vipindi vyote vinne. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja tu, vipindi vitatu vilivyobaki likafunga karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Waliosoma vipindi vyote waliipitia habari zaidi ya mara 14 kwa wastani. Wenzao kama mara tatu na kidogo. Dakika tano baadaye, waliosoma tu waliongoza. Wangeishia hapo, kila mtu angesema soma, soma, soma. Lakini wiki moja baadaye waliosoma tu walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojipima walikumbuka 61. Tena waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka!

Wanangu, mtihani wenu hauji dakika tano baada ya kusoma.

Kwa hiyo tubadilishe kinachoandikwa kwenye ratiba. Usiandike "Kemia, saa mbili hadi saa nne usiku". Hayo ni maelezo ya kukaa kwenye kiti. Andika hivi: "Kemia. Maswali sita ya asidi na besi kutoka mitihani iliyopita. Daftari limefungwa. Dakika 40. Kisha dakika 20 za kusahihisha kwa mwongozo wa alama." Ukiandika hivyo, utajua umefanya au hujafanya. Tena saa ile moja yenye maswali sita inakupa zaidi ya saa mbili za kusoma, kwa hiyo umepata saa ya Historia ambayo hukuwa nayo.

Na kosa lolote mnalolipata liandikwe. Kila somo liwe na kurasa zake za makosa. Lakini usiandike "swali la 4 nimekosa" ukafunga. Andika umekosa kwa nini. Hukuijua mada? Uliijua ukateleza kwenye hesabu? Hukulielewa swali, ukaambiwa "linganisha" wewe ukaeleza? Au muda ulikuishia? Makosa haya manne yana dawa tofauti. Asiyeijua mada arudi kitabuni. Anayeteleza kwenye hesabu hana haja ya kitabu, anahitaji maswali mengi na utulivu. Anayeishiwa na muda anahitaji saa mezani kila anapofanya zoezi. Nimeona wanafunzi wakipiga msuli usiku kucha kwenye mada wanazozijua, kumbe alama zao zinapotea kwenye kutosoma swali vizuri. Inauma kuona bidii ya namna hiyo ikienda mahali pasipo na tatizo.

Kuna hili la kuchanganya, nalipitia haraka. Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Wengine walifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe, ndipo waingie lingine. Wengine walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliofanya moja moja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye wa moja moja walishuka hadi 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Sababu iko wazi: mtihani haukuambii swali hili ni la mada gani, lazima uitambue mwenyewe. Basi wiki zako zisiwe "wiki ya Fizikia" na "wiki ya Hisabati". Kila wiki iguse masomo yako yote, na ndani ya somo uchanganye mada. Jioni moja masomo mawili yanatosha. Matano kwa jioni moja ni kuhangaika tu.

Sasa nifike kwenye kilichoshusha ile mikono.

Miaka ya 1970 kule Israel, mwanasaikolojia Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuwa na timu iliyoandika kitabu cha kiada cha sekondari kuhusu kufanya maamuzi. Siku moja aliomba kila mmoja aandike kwenye karatasi anadhani kazi itachukua muda gani. Majibu yote yalikuwa kati ya miezi 18 na 30. Kisha akamgeukia mmoja wao, Seymour Fox, mtaalamu wa mitaala, akamuuliza: timu nyingine kama yetu ulizowahi kuziona zilichukua muda gani? Yule bwana akakaa kimya kidogo. Akasema kama asilimia 40 hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza zilichukua miaka 7 hadi 10. Na yeye, mwenye habari hizo kichwani, dakika chache kabla alikuwa ameandika makisio kama ya wenzake! Kitabu kilikamilika baada ya miaka minane.

Mnaona? Hawa walikuwa wataalamu, tena wa kufanya maamuzi. Na si wao peke yao. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo wanaoandika tasnifu watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Wakaulizwa tena: na mambo yakienda vibaya kabisa? Wakasema siku 49 hivi. Kwa wastani ilichukua zaidi ya siku 55. Hata makisio yao ya mambo yakiharibika yalikuwa ya matumaini mno.

Kwa hiyo usijiulize "wiki ijayo nitaweza kusoma jumla ya saa ngapi?" Utajidanganya, kama walivyojidanganya wale. Jiulize "wiki iliyopita nilisoma jumla ya saa ngapi kweli?" Kama ni jumla ya saa tisa, panga saa hizo tisa. Usipange 25 kwa sababu umepata hofu. Wiki hii umefanya tisa zote na bado una nguvu? Wiki ijayo panga kumi. Na katika kila siku saba iache siku moja bila kuandikwa kitu. Kabisa. Siku hiyo itabeba yaliyoanguka: ulipougua, kazi ya darasani iliyoongezeka, mada iliyokataa kuingia. Isipokuwa na cha kubeba, pumzika. Ratiba isiyo na siku tupu inavunjika mara ya kwanza unapopata homa, na ikishavunjika mwanafunzi huiacha yote. Hapo ndipo mikono iliposhukia.

Na saa hizo tisa tunazigawaje? Wengi wenu mnazigawa sawa kwa sawa, au mnalipatia zaidi somo mnalolipenda. Njia zote mbili zinawapunja. Kabla ya kupanga chochote, wiki ya kwanza, fanya mtihani mmoja uliopita wa kila somo, kwa muda kamili. Utaumia. Fanya hivyo hivyo. Kisha chukua muhtasari wa somo na muundo wa mtihani, kwa sababu mara nyingi zimo humo asilimia za kila sehemu, na ulinganishe: alama nyingi ziko wapi, na mimi nazipoteza wapi? Sehemu yenye uzito mkubwa unayoifanya vibaya ndiyo inayopata saa zako za kwanza. Sehemu ndogo, ngumu, yenye alama chache, mwenye mitihani mitano ana haki ya kuipa jioni mbili na kuendelea mbele. Ndugu wazazi, hilo mtoto akiwaambia msimwite mzembe. Amepiga hesabu.

Kisha kalenda. Hapa naomba tuende polepole.

Tuseme kuna mwanafunzi mwenye mitihani minne. Biolojia ni Jumatatu. Hisabati ni Jumanne, kesho yake tu. Historia ni Ijumaa. Kemia ni Jumatano ya wiki inayofuata. Anaandika tarehe hizo kwanza, kabla ya kitu kingine, kisha anahesabu kurudi nyuma. Anaona nini? Anaona kwamba Hisabati haina siku yake ya mwisho. Jumatatu jioni atakuwa amechoka na Biolojia. Kwa hiyo Hisabati lazima iwe tayari kufikia Jumamosi, kana kwamba mtihani wake uko Jumapili. Kemia, kwa upande mwingine, ina Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Jumanne nzima baada ya Historia kwisha. Basi katika wiki mbili za mwisho kabla ya mitihani, Kemia inaweza kubaki na kipindi kimoja kifupi cha maswali kwa wiki, isisahaulike tu, na muda wake ukaenda kwa Hisabati na Biolojia. Mtihani wenye siku tupu mbele yake unaweza kukopesha muda. Mtihani uliobanwa hauna cha kukopesha.

Hakuna ratiba ya kunakili kwa rafiki itakayokuonyesha hayo. Rafiki yako hana tarehe zako. Diskasheni fanyeni pamoja, ratiba kila mtu aandike yake.

Neno kuhusu usingizi, na hili nalielekeza kwa wazazi pia. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell. Wanafunzi walikariri silabi kumi, kisha ama walilala ama waliendelea na shughuli zao. Muda wa saa nane ulipopita, walipokuwa wamelala walikumbuka silabi tano hivi na zaidi kidogo. Walipokuwa macho, walikumbuka moja hivi. Tangu hapo utafiti mwingi umeonyesha kwamba ubongo huendelea kuyaweka sawa tuliyojifunza tunapokuwa tumelala. Mwenye mtihani mmoja akikesha ataumia siku moja. Mwenye mitihani minne akikesha usiku wa kwanza anaingia na uchovu huo kwenye wa pili na wa tatu. Mzazi, ukiona taa inawaka usiku wa manane wiki ya mitihani, tafadhali usimsifu. Mwambie azime.

Nimalizie na zile siku zenyewe za mitihani, maana ratiba nyingi huishia siku ya mtihani wa kwanza.

Umetoka kwenye Biolojia Jumatatu mchana. Wenzako wamekusanyika nje wanalinganisha majibu. Pita. Ondoka pale. Jibu ulilokosea limeshakusanywa, na hofu utakayoichukua pale utaingia nayo kwenye Hisabati. Nenda ukale, ulale kwa muda wa saa moja. Ukiamka usifungue mada mpya yoyote. Fungua zile kurasa za makosa ya Hisabati, uyafanye upya maswali machache uliyowahi kuyakosa, hakikisha vifaa vyako vimekamilika, ulale mapema. Jumanne mchana unaruhusiwa kupumzika mpaka jioni, kwa sababu Historia ni Ijumaa na uliipangia Jumatano na Alhamisi. Yote haya yaandikwe sasa, ukiwa na akili tulivu, usije kuyaamua siku hiyo ukiwa umechoka.

Na kuna wachache kati yenu ambao mitihani miwili imegongana, siku moja, pengine saa ile ile. Mabodi ya mitihani kwa kawaida yana utaratibu wa migongano ya namna hiyo, lakini huombwa mapema na kupitia shule. Usingoje wiki ya mwisho.

Karatasi tupu za kalenda ziko kwa walimu wenu, pale mezani. Chukueni moja moja, na kwa leo andikeni tarehe za mitihani tu, kwa wino. Mimi nipo hapa mpaka jioni. Wenye mitihani iliyogongana waje kwangu kwanza.

Asanteni sana.